Tumbo Lililopimwa kwa Futi

"Inua hiyo blauzi nikupime, usinifanye mtoto wa jana!"

"Sipimwi, mama. Nimeshasema sipimwi."

"Hupimwi kwa nini? Unanikimbia kama kuku aliyeona kisu! Mimba ni yako, sawa, sikatai. Lakini mjukuu ni wangu!"

"Mjukuu gani?"

"Huyo uliyembeba! Au umembebea jirani?"

Mama Vifungo alikanyaga cherehani, ikalia trrrr mpaka maneno ya mama mkwe wake yakazama humo. Alikuwa akipinda miguu ya suruali za sare za shule, rundo zima, na kila alipomaliza mguu mmoja aliuvuta mwingine bila kutazama. Mkono ulikuwa unajua kazi. Kichwa kilikuwa kwingine kabisa.

Mama mkwe hakusogea. Mtaa mzima ulimwita Bi Futi, kwa sababu ile futi yake ya kushonea haikutoka shingoni tangu ajulikane duniani. Wapo walioapa kwamba alizaliwa nayo, na mkunga alipotaka kukata kitovu akabaki anajiuliza akate kipi. Mwenyewe hakukanusha. Kukanusha uongo mtamu, alisema, ni kumwaga sukari.

Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa kiwanda. Cherehani mbili zilitazamana kama wake wenza, ya mkwe karibu na mlango, ya Bi Futi karibu na dirisha kwa ajili ya macho yake yaliyoanza kugoma. Sakafuni vipande vya kitambaa, ukutani magauni yasiyo na mikono, kwenye kona pasi ya mkaa iliyokuwa inapoa. Cherehani ya Bi Futi ilikuwa kongwe kiasi kwamba watu walisema ndiyo iliyoshona turubai la safina. Hilo nalo hakulikanusha. Alisema tu kwamba Nuhu alikuwa mteja msumbufu, alibadili vipimo mara mbili.

Bi Futi hakusoma hata darasa moja, lakini namba za kwenye futi alizijua kama vidole vyake. Na zaidi ya namba alijua viuno. Mwanamke angekuja kupimwa gauni, Bi Futi angezungusha futi, angeikaza, angeilegeza, kisha angekata kitambaa kikubwa kuliko kilichohitajika. Mteja akija kujaribu angelalamika, "Bi Futi, mbona linanipwaya?" Naye angesema, "Litulize ndani ya sanduku, mwanangu. Litakutosha lenyewe." Mwezi mmoja ukipita, kweli linatosha. Ukipita mwingine, linabana.

Alifika mpaka kumpima bibi harusi mmoja mbele ya mama yake na mashangazi zake wote, akakohoa, akauliza, "Harusi lini?" Wakamwambia. Akasema, "Isogezeni karibu." Mashangazi walimtukana matusi ambayo mengine hata yeye, mtu mzima, alikuwa hajawahi kuyasikia. Siku ya harusi zipu ikafika katikati ya mgongo ikagoma. Bi Futi akachomoa kutoka kwenye pochi yake kipande cha kitambaa kile kile, kimeshakatwa, kimeshapigwa pasi, akakiunga pale pale huku bibi harusi analia na shangazi mkubwa ameshika sindano. Tangu siku hiyo watu walisema anaweza kumpima mwanamke kivuli chake ukutani akajua kama yuko peke yake au wako wawili. Zahanati ilikuwa na foleni. Bi Futi hakuwa na foleni, na hakukosea.

Ndiyo maana hata Mama Vifungo alimwamini. Nani asingemwamini?

Mama Vifungo alikuja nyumba ile akiwa msichana mwembamba mwenye mkono mwepesi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kushona vifungo, na alivishona kwa kasi mpaka ukimpisha vibaya angekufunga kifungo puani. Vile vilivyobaki bila wenzake aliwagawia watoto wa mtaani wachezee, wakamwita Mama Vifungo. Lilikuwa jina la mchezo. Miaka ikaenda, watoto wale wakakua wakaja kushonewa suti za kazi, na yeye bado hana jina jingine la mama. Hapo jina likaacha kuwa mchezo. Wengine walilitamka kwa upole, wengine walilitamka huku wakimtazama tumbo.

Si kwamba hakushika mimba. Alishika. Ya kwanza ilitoka mapema, hata Bi Futi hajamaliza kuitangaza. Damu ikaja asubuhi moja, na jioni yote yalikuwa yamekwisha. Wanawake wakamwambia ya kwanza ni ya kuonja. Bi Futi alimkanda mgongo kwa maji ya moto, akalia naye, na kwa muda mrefu baada ya hapo hakumruhusu kunyanyua pasi.

Ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Ilitunga nje ya kizazi, kwenye mrija, mahali ambapo hata sindano isingepata nafasi ya kukaa, seuze mtoto. Yeye hakujua. Alikuwa anakanyaga cherehani maumivu yakamshika upande mmoja kama mtu amemfunga mkasi tumboni, akaanguka juu ya rundo la mapazia ya watu. Alipofumbua macho alikuwa ameshapasuliwa. Mrija ulikuwa umepasuka, damu imejaa tumboni, wakautoa. Daktari akamwambia mwingine upo, asikate tamaa. Naye hakukata. Alingoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, nao hawakuwa wanatania.

Alipoota mvi za kwanza, ndipo ya tatu ikaja.

Wee! Ile ilikuja na vurugu. Alitapika chakula, alitapika maji, alitapika mpaka harufu ya chaki ya kuchorea kitambaa. Tumbo likapanda kama unga uliozidiwa hamira. Bi Futi alimpima kila wiki, na kila wiki macho yake yalizidi kutoka. "Hili si tumbo la mtu mmoja," alisema. "Futi haisemi uongo. Mapacha hawa!" Akaanza kushona viguo viwili viwili. Mume wa Mama Vifungo, ambaye alikuwa mpaka rangi wa majumba, akawa anawatangazia wenye nyumba kutoka juu ya ngazi, mpaka siku moja akapaka rangi ya mlango kwenye dirisha kwa furaha.

Kisha ikaja damu ya rangi ya kahawia, kama chai iliyokaa sana, na hospitali wakampaka ile jeli baridi wakamwangalia tumbo kwa kioo cha mashine. Yeye naye aliangalia. Aliona povu. Povu tupu, kama la beseni la kufulia. Alingoja daktari asukume kile kifaa upande, labda watoto wamejificha nyuma ya povu. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alifuta mikono yake, akavuta kiti.

"Dada, hii inaitwa mimba zabibu. Kondo la nyuma ndilo lililokua, likajaa vimalengelenge kama vishada vya zabibu. Mtoto hakuwepo."

"Amekufa?"

"Hakuwahi kuwepo."

Hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani baada ya kusafishwa, na hilo ndilo Bi Futi hakulimeza. Mtu kufa, sawa, kila mtu atakufa. Lakini mtu kutokuwepo, na hali amepimwa kwa futi wiki baada ya wiki? "Hospitali imewapoteza wajukuu zangu," alisema, "sasa inatafuta maneno."

Daktari alikuwa amempa Mama Vifungo masharti. Aje kila mwezi apimwe damu, waone kama homoni ya mimba inashuka mpaka iishe. Ameze vidonge asishike mimba nyingine mpaka wamruhusu. "Ukishika mimba," alimwambia, "homoni itapanda tena, na sisi hatutajua ni mtoto au ni ugonjwa umebaki. Unanielewa? Tutakuwa vipofu."

Alielewa. Alienda mwezi wa kwanza, akaenda na wa pili, namba zikawa zinashuka. Lakini nyumbani kulikuwa na Bi Futi.

"Mwanangu, umri wako unakimbia kama mwizi wa kuku, wewe unameza vidonge vya kuzuia? Shamba likishasafishwa ndiyo hupandwa. Ukiliacha linaota magugu."

"Daktari amesema ningoje."

"Daktari atazaa kwa niaba yako?"

Mama Vifungo alicheka siku ile. Ni kweli alicheka. Kwa sababu alikuwa anatafuta mtu wa kumwambia lile alilotaka kuambiwa. Akavichukua vidonge akavimwaga chooni kwa mkono wake mwenyewe, akamimina ndoo nzima ya maji juu yake, na moyo wake ukawa mwepesi kama wa mtu aliyetoroka shule.

Haukupita muda mrefu hedhi ikakoma. Kutapika kukarudi. Wakanunua kile kijikaratasi cha kupima mkojo, wakakiinamia wote wawili jikoni vichwa vikigongana, na mistari miwili ikatokea, myekundu, minene, kama imechorwa kwa kalamu ya mwalimu. Bi Futi alipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakamjibu. Tumbo likaanza kukua. Futi ikatoka shingoni. Na Mama Vifungo akaacha kwenda kupimwa damu, kwa kuwa Bi Futi alisema mwenye mimba hakai kutolewatolewa damu kama kupe amemng'ang'ania, damu ile ni ya mtoto. Siku za kliniki zikapita, yeye yuko kwenye cherehani akiimba.

Jana alikuwa ameaga anakwenda kununua zipu na uzi mweusi. Kikohozi kilikuwa kinamsumbua, na alikuwa ameona tena ile damu ya rangi ya chai, hakumwambia mtu. Alirudi jioni bila zipu. Tangu aliporudi hajataka kuguswa, na leo mchana ndiyo Bi Futi alikuwa amemsimamia hivi, futi mkononi.

"Nyanyua mguu wako kwenye hiyo cherehani, nakuongelesha mimi!"

Cherehani ikanyamaza. Mama Vifungo akakohoa, akafuta mdomo kwa kona ya khanga.

"Kaa chini, mama."

"Sikai. Nikikaa nani ataninyanyua?"

"Nilikwenda hospitali jana."

Bi Futi alimtazama. "Ulisema zipu."

"Nilidanganya. Wameangalia kwa kioo. Hamna mtoto."

"Hamna? Hamna vipi? Mistari miwili niliiona kwa macho yangu haya, na siku hiyo yalikuwa mazima!"

"Ile mistari haimuoni mtoto. Inaonja mkojo tu, ikikuta homoni inachora. Na homoni inatoka kwa ule ugonjwa. Vile vimalengelenge vilibaki, mama. Vimejichimbia kwenye nyama ya kizazi, sasa vimekuwa kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Kansa. Si zile za kawaida, inaanzia kwenye mimba. Lakini ni kansa."

"Huyo daktari ana watoto?"

"Sijamuuliza!"

"Ungemuuliza! Wengine wivu tu!" Bi Futi aliinyoosha futi kwa mikono yote miwili, kama anamwonyesha hakimu. "Na hii je? Hii nayo inaonja mkojo? Nimekupima mimi, wiki hadi wiki, tumbo linapanda. Futi imenidanganya leo, baada ya miaka yote?"

"Haikudanganya," Mama Vifungo alisema. "Kuna kitu kinakua. Imesema kweli kabisa."

Bi Futi, yule mwanamke ambaye ulimi wake ungeanikwa kwenye kamba nguo za mtaa mzima zingekosa nafasi, alijishusha taratibu, si kwenye kiti, akakaa juu ya rundo la sare, magoti yakilia. Futi ikabaki mapajani mwake imejikunja. Kwa mara ya kwanza alionekana mdogo, mtu wa kubebwa.

Nje mtu alipita akimwita mwenzake kwa mluzi. Ndani, ile pasi ilikuwa imeshapoa.

"Watafanya nini?" aliuliza mwishowe.

"Jumatatu wanakata."

"Wanakata nini?"

"Kizazi. Chote. Kinavuja damu, na kwa umri wangu hawataki kukiacha."

"Chote," Bi Futi alirudia, kama anayepima neno lenyewe. "Hata kidogo hawabakishi?"

"Mama, si kitambaa."

"Najua si kitambaa! Nani kasema kitambaa?" Akajipangusa uso. "Halafu ukikatwa umepona."

"Halafu dawa za drip, miezi. Nywele zitatoka. Wamepiga picha ya kifua, wameona madoa. Ndiyo hiki kikohozi."

"Madoa."

"Kwenye mapafu. Imetembea."

"Lakini zinaponya? Hizo dawa?"

"Daktari alisema wengi hupona. Ningekuja mapema, alisema, asingekuwa na wasiwasi kabisa." Mama Vifungo alikuwa anavuta uzi uliojitokeza kwenye pindo la suruali. "Alipofika kwenye 'wengi' akaanza kutafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mkononi mwake."

Bi Futi alikuwa na hadithi kwa kila jambo. Alishawahi kusimulia jinsi alivyomshonea maiti suti, maiti akalalamika kwapa linabana. Sasa alitafuta hadithi moja tu, ya mwanamke yeyote, wa mahali popote, aliyetolewa kizazi akiwa na madoa kifuani kisha akacheza ngoma. Hakuipata, na kwa mara hii hakuwa na nguvu ya kuitunga.

"Vile vidonge," alisema. "Ungevimeza, usingeugua."

"Ningeugua. Nilimuuliza. Alisema vidonge visingezuia ugonjwa. Vingewasaidia wao kuona tu. Homoni ingepanda, wangejua mara moja si mimba, wangenianzishia dawa wakati bado ni jambo dogo." Aliukata ule uzi. "Na kama ningekwenda kupimwa, hata bila vidonge, wangeona. Nilikuwa nakaa hapa naimba."

"Mimi ndiye niliyekuambia usiende."

"Miguu ilikuwa yangu."

"Mimi ndiye niliyekuambia uvimwage!"

"Mkono ulikuwa wangu, mama. Hukunishika mkono."

"Usinitetee! Mtu mzima hatetewi na mgonjwa!" Bi Futi alipiga kelele, na kelele yenyewe ikakatika katikati. "Nilitaka nimwone kabla sijafa. Basi. Nilitaka nimshonee mtu wangu, si watu wa watu kila siku. Nikasema nikiharakisha..."

"Mimi pia nilitaka. Ulidhani nilikuwa namfurahisha nani? Wewe?"

Walitazamana. Miaka yote wamekaa cherehani kwa cherehani, wamegombana kwa ajili ya mkasi, kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya mwanamume mmoja ambaye kila mmoja alijiona anamjua zaidi. Hawakuwahi kugombania kosa, kila mtu akilivutia kwake.

Bi Futi alisogea kwa makalio mpaka akafika kwenye miguu ya mkwewe. Akashusha sauti, sauti ambayo Mama Vifungo hakujua kama anayo.

"Mwanangu anajua?"

"Bado. Jana nilimkuta amelala. Leo aliondoka mapema."

"Utamwambia."

"Lazima. Jumatatu si mbali."

"Utamwambia yote?"

"Kizazi chake mwenyewe kinakatwa, mama. Nitamficha nini?"

"Si hilo." Akaushika ukingo wa khanga ya mkwewe, akaukunjakunja vidoleni. "Yeye alikuwa anakusisitiza umeze. Nilimsikia. Kila asubuhi, 'umemeza?' Na mimi nikawa nasubiri atoke, nije nikuvuruge. Sina mtoto mwingine. Akijua kwamba mama yake ndiye... Atanitazama vipi? Niambie wewe, mtu atamtazama vipi mama yake baada ya hapo?"

Mama Vifungo aliutazama mkono ule uliokunjamana, wenye alama za sindano kwenye kila ncha ya kidole. Ungeweza kumkasirikia mtu, na wakati huohuo ukamhurumia, na vyote viwili visikusaidie kitu. Hasira ingempeleka wapi? Huruma ingemrudishia nini? Alijiona Jumatatu, amelala chali chini ya taa kubwa. Akajiona baada ya Jumatatu, siku zote za baada ya hapo, ziwe chache au nyingi. Alivuta pumzi, kifua kikakwaruza.

"Utamwambia ni mimi?" Bi Futi aliuliza tena. "Nijue tu. Nijue nikae vipi."

"Mama, sikiliza. Mimi..."

Pazia la mlangoni likanyanyuliwa. Mume wake akaingia, madoa ya rangi nyeupe kichwani mpaka kwenye kope, kopo na brashi mkononi, akivua viatu kwa kisigino kama kawaida yake. Alimwona mkewe kwenye cherehani iliyonyamaza, akamwona mama yake sakafuni ameshika khanga ya mkewe. Akatabasamu, akasimama hivyo hivyo, kiatu kimoja mguuni.

"Mbona kimya hivi? Nani kafa humu ndani?"